Somo Juu ya Malaika: Watumishi wa Mungu na Walinzi Wetu



Katika somo lililotangulia mlijifunza ya kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwumba wa vitu vyote, vile tunavyoviona kwa macho na vile tusivyoviona. Vile tunavyoviona vimejaa mbele ya milango yetu: mto mkubwa, msitu, jua, samaki, mihogo ya shamba. Je, vile tusivyoviona ni vitu gani? Hapo wengi hukaa kimya. Na wengine hujibu kwa sauti ndogo, wakitazama nyuma yao: "Ni mizimu, Mwalimu. Ni pepo. Ni ndoki wanaotembea usiku."

Tazameni jinsi hofu inavyotangulia kujibu. Tunapotajiwa mambo yasiyoonekana, tunakumbuka kwanza yale ya kutisha. Lakini Kanisa, likitufundisha juu ya mambo hayo, hutaja kwanza malaika watakatifu, watumishi wa Mungu, ambao wanatupenda na kututakia mema. Ndiyo maana tumeandika somo hili. Lisomeni polepole, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

1. MALAIKA NI NANI?

Malaika ni roho zilizoumbwa na Mungu. Hawana mwili. Hawali, hawanywi, hawaoi wala hawaolewi, hawazeeki wala hawafi. Wana akili kupita akili yetu, na wana hiari, maana yake waweza kuchagua na kupenda. Kila malaika ni nafsi yenye kujijua, wala si upepo tu au nguvu fulani iliyo angani.

Basi, mbona katika picha huchorwa wakiwa vijana wenye mabawa na nguo nyeupe? Mchoraji hana njia nyingine ya kutuonyesha kitu kisicho na mwili. Mabawa yaonyesha wepesi wao wa kutii: wakiisha kusikia neno la Mungu, hawakawii. Nguo nyeupe zaonyesha usafi wao. Nao walipotumwa kwa watu, mara nyingi Mungu aliwapa sura ya kuonekana, ili watu waweze kusema nao.

Kwamba wapo malaika, si hadithi ya kuwalaza watoto. Ni fundisho la imani. Mtaguso mkuu uliokutana Roma, katika Laterani, mwaka 1215, ulitamka wazi ya kuwa Mungu ameumba viumbe vya roho na viumbe vya mwili. Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870 ukalirudia fundisho hilohilo. Na Maandiko Matakatifu, tangu kitabu cha Mwanzo hata kitabu cha Ufunuo, yamejaa habari zao.

2. MAANA YA JINA LAO

Neno malaika limetoka katika lugha za Mashariki, na maana yake ni mjumbe, yaani mtu aliyetumwa. Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliwafundisha wakristu wake jambo moja la kukumbukwa: jina hili la malaika ni jina la kazi yao. Ukitaka kujua walivyo, ni roho. Ukitaka kujua kazi yao, ni wajumbe.

Fikirini juu ya mjumbe anayeletwa kijijini na chifu. Hasemi maneno yake mwenyewe. Hajipeleki mahali apendapo. Heshima anayopewa ni kwa ajili ya yule aliyemtuma. Akianza kudai vitu kwa ajili yake, au kusema maneno ambayo hakutumwa, watu watamtambua ya kuwa ni mwongo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa malaika. Mungu huwatuma kwetu. Sisi hatuwezi kuwatuma. Shikeni neno hili, kwa maana somo letu lote limesimama juu yake.

3. MALAIKA SI MIZIMU WALA SI WATOTO WALIOKUFA

Wako wanaodhani ya kuwa malaika ni jina la kikristu la mizimu ya wazee wetu. Sivyo. Wazee wetu walikuwa watu kama sisi, wana wa Adamu, wenye mwili na roho. Mtu akifa, hageuki kuwa malaika. Anabaki mtu, akingojea ufufuko wa mwili. Tunawaombea marehemu wetu. Na wale walioishi kwa unyofu twatumaini ya kuwa wako kwa Mungu. Katika utaratibu wa Misa uliokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, wahenga wenye moyo mnyoofu wanatajwa pamoja na watakatifu. Ni jambo jema na la haki. Lakini mhenga ni mhenga, na malaika ni malaika.

Vilevile mama akifiwa na mtoto mchanga, majirani humfariji wakisema, "Usilie, mtoto wako sasa ni malaika." Wanasema hivyo kwa huruma, nasi hatuwakemei. Lakini ukweli unafariji kuliko maneno hayo. Yule mtoto aliyebatizwa hakugeuka kiumbe kingine asiyemjua mamaye. Ni yeye yule, kwa jina lake lile alilopewa, na mama atamwona tena akiwa mwanawe.

4. MALAIKA WATATU TUNAOWAJUA KWA MAJINA

Malaika ni wengi, hawahesabiki kwa watu. Lakini Maandiko yametutajia majina ya watatu tu, nao Kanisa huwaadhimisha pamoja tarehe 29 Septemba.

Wa kwanza ni Mikaeli. Jina lake ni swali: Ni nani aliye kama Mungu? Ndiye mkuu wa majeshi ya malaika waliomshinda Shetani.

Wa pili ni Gabrieli, maana yake nguvu ya Mungu. Alitumwa kwa Zakaria hekaluni, kisha kwa Bikira Maria katika Nazareti, kumpasha habari ya kuwa atamzaa Mwokozi. Tazameni adabu yake. Alimsalimu kwanza msichana maskini wa kijiji kidogo. Akamtuliza hofu. Akamweleza jambo. Kisha akangoja jibu. Hakumlazimisha. Kila tunaposali Salamu Maria, tunaanza kwa salamu ile ya Gabrieli.

Jina hili la Gabrieli lina historia katika mji wetu wa Kisangani. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika karibu na maporomoko ya mto, mahali palipoitwa Stanley Falls. Akaanzisha misioni, na misioni hiyo ikaitwa kwa jina la Mtakatifu Gabrieli. Baadaye Padri Grison akawa Askofu. Mji nao ulikua, ukaitwa Stanleyville, hata mwaka 1966 ulipopewa rasmi jina la Kisangani. Watu wengi hupita mbele ya parokia ya Mtakatifu Gabrieli bila kuwaza juu ya jina hilo. Lakini lafaa sana. Kazi ya Gabrieli ilikuwa kupeleka habari njema, na kazi ya misioni ni hiyohiyo. Hata katekista anayetembea kwa miguu katika njia ya msitu, akivuka mito kwa mtumbwi ili awafundishe watu wachache, anafanya kazi iliyo ndugu ya kazi ya malaika.

Wa tatu ni Rafaeli, maana yake Mungu anaponya. Habari zake zimeandikwa katika kitabu cha Tobiti, na wavuvi wa Tshopo watazipenda. Mzee Tobiti alikuwa mtu mwema, naye alipofuka macho. Akamtuma mwanawe Tobia safari ya mbali, kwenda kuchukua fedha aliyoiweka kwa mtu. Tobia akatafuta mwenzi wa safari, akampata kijana mmoja asiyemjua. Kumbe ndiye Rafaeli. Walipofika mto Tigri, samaki mkubwa aliruka majini akamtisha Tobia. Rafaeli akamwambia amkamate, wala asimwogope. Akamwagiza aweke nyongo, moyo na ini. Siku waliporudi nyumbani, Tobia alimpaka babaye nyongo ile machoni, na mzee akaona tena.

Hapa mkatekumeni mmoja aweza kuuliza: "Je, hii si dawa ya mganga? Basi, kwa nini mnatukataza hirizi?" Swali ni zuri, wala asione haya kuuliza. Jibu ni hili. Kwanza, dawa si mbaya. Mungu ameweka uponyaji katika viumbe vyake, na anayekunywa dawa ya hospitali hatendi dhambi. Pili, Tobia hakutumaini nyongo wala ini. Alitii neno la mjumbe wa Mungu, na usiku wa arusi yake yeye na mkewe Sara walisimama wakasali. Tatu, tazameni habari ya malipo. Tobia alitaka kumpa mwenziwe nusu ya mali yote waliyoileta. Rafaeli akawaita yeye na babaye kando, akajitambulisha, akawaambia wamsifu na kumshukuru Mungu. Kisha akapaa. Hatusomi popote ya kuwa alichukua kitu.

Huyo ndiye malaika wa kweli. Afanyapo kazi, utukufu humwendea Mungu, na mkono wake hurudi mtupu.

5. MALAIKA WALIOASI

Mungu aliwaumba malaika wote wakiwa wema, akawapa hiari. Wengi walimchagua Mungu. Wengine walijivuna, wakakataa kumtumikia, wakaanguka. Mkubwa wao ndiye Shetani, na wenziwe ndio pepo wabaya.

Ni lazima mfahamu vizuri jambo hili: Shetani si mungu wa pili. Hakuna wafalme wawili wanaopigania dunia kwa nguvu sawa. Shetani ni kiumbe tu. Aweza kutudanganya na kutushawishi, lakini hawezi kutulazimisha kutenda dhambi. Siku ya ubatizo wenu, Padri atawauliza kama mnamkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake. Mtajibu kwa midomo yenu wenyewe, mbele ya watu wote. Yule ambaye siku ile anamkataa Shetani kwa mdomo, lakini amefunga hirizi kiunoni chini ya nguo nyeupe, anamdanganya nani? Si Padri tu. Anaidanganya nafsi yake, kwa kuwa anaonyesha ya kuwa bado anaamini kwamba Mungu peke yake hatoshi.

6. MALAIKA MLINZI

Kanisa linatufundisha ya kuwa maisha yetu yote, tangu utoto hata kufa, yamezungukwa na ulinzi na maombezi ya malaika. Kila mwamini anaye malaika karibu naye, kama mchungaji, ili amwongoze kwenye uzima. Sikukuu ya Malaika Walinzi ni tarehe 2 Oktoba.

Anatulinda namna gani? Tuchukue mfano wa mto wetu. Mmewaona Wagenia kwenye maporomoko ya Kisangani. Wamesimika magogo makubwa kati ya mawe, na juu yake wamefunga mitego yao, mfano wa vikapu virefu, mahali ambapo maji yanakwenda kwa ghadhabu. Mgeni akitaka kuvuka pale kwa mtumbwi, hapigi kasia peke yake. Anampata Mgenia aliyezaliwa juu ya maji yale, anayejua kila jiwe lililojificha. Mgenia husimama mbele, huangalia maji, hutoa sauti: kushoto, kulia, ngojeni! Mgeni anayetulia na kusikia atavuka. Mgeni mkaidi anayesimama mtumbwini na kucheza aweza kuanguka, ingawa mwongozi ni hodari.

Malaika mlinzi ni kama mwongozi huyo. Anajua mawe yaliyofichika katika njia yako. Anakuombea kwa Mungu. Anakutia moyoni wazo jema: usiende kule, rudisha kile ulichochukua, nenda ukapatane na ndugu yako. Lakini hakunyang'anyi hiari yako. Akikushauri nawe usitake, utakwenda shimoni kwa miguu yako mwenyewe.

Basi, tumfanyie nini malaika wetu? Tumheshimu, kwa sababu yuko nasi hata gizani. Tusitende peke yetu jambo ambalo tungeona haya kulitenda mbele ya mtu. Tumsikilize. Tumshukuru. Lakini tusimwabudu. Mtume Yohane alipotaka kumsujudia malaika, yule malaika alimkataza, akamwambia amwabudu Mungu.

7. USINUNUE MALAIKA

Siku hizi, katika miji na hata vijijini, wako watu wanaosema kwamba wanajua majina ya siri ya malaika. Watakuambia: "Huyu ni malaika wa biashara, huyu wa ndoa, huyu wa safari. Lete fedha, lete mishumaa, nitakuitia." Wengine huandika majina hayo katika karatasi na kuyafunga katika kitambaa. Hiyo ni hirizi ileile ya zamani iliyovikwa kanzu ya Kanisa.

Mwaka 2001 idara ya Roma inayosimamia ibada iliandika wazi ya kuwa haifai kuwapa malaika majina mengine, ila Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Sababu yake ni ile tuliyoishika tangu mwanzo. Ukimpa malaika jina la kubuni na kumwita kwa malipo akufanyie kazi, umejifanya bwana wake. Nani amekupa mamlaka ya kumtuma mjumbe wa Mungu? Na huyo anayekubali kununuliwa, je, ametoka kwa Mungu?

8. KAMA TUNAO WALINZI, KWA NINI TUNAKUFA?

Swali hili si la mchezo, na katika Kisangani watu wanayo haki ya kuliuliza. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji. Kwa siku sita makombora yalianguka juu ya nyumba za watu wasio na silaha. Mamia ya raia walikufa, wazee na watoto, wakristu na wasio wakristu. Wako wanaouliza mpaka leo: "Malaika walinzi walikuwa wapi?"

Hatutajibu kwa maneno mepesi. Tufungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode alimkamata Mtume Yakobo, akamwua kwa upanga. Kisha akamkamata Petro, akamfunga kwa minyororo. Usiku malaika alimjia Petro, minyororo ikaanguka, mlango wa chuma ukafunguka wenyewe, akatoka. Katika sura moja, mtume mmoja amefunguliwa na mtume mwingine amechinjwa. Je, Yakobo hakuwa na malaika? Je, Mungu alimpenda Petro peke yake? La. Yakobo na Petro wote wawili walifika kwa Mungu, na Petro naye baadaye alimwaga damu yake kwa ajili ya Kristu.

Tufungue tena Injili ya Luka. Bwana wetu, usiku ule wa mateso katika bustani, aliomba kikombe kimwondokee. Malaika akamtokea. Kwa kazi gani? Si kwa kukiondoa kikombe. Alikuja kumtia nguvu ili aweze kukinywa. Na kabla ya hapo, ni Shetani aliyemwambia Yezu ajitupe chini kutoka mnara wa hekalu kwa kuwa malaika watamdaka. Yezu akakataa. Angalieni basi: kumfanya malaika kuwa ngao ya kutuepusha na kila jiwe ni wazo la mjaribu.

Malaika hakuahidiwa kwetu ili mwili usife. Ameahidiwa ili roho isipotee. Risasi yaweza kuua mwili. Haiwezi kumtenga mtu na Mungu. Wale waliokufa chini ya makombora hawakufa peke yao. Na dhambi ya wale waliowaua tusiwatwike malaika wala Mungu. Ni ya watu walioitumia vibaya hiari yao.

9. MTOTO ANAYE MALAIKA MBELE YA MUNGU

Sasa tumefika penye jambo zito zaidi la somo hili. Yezu aliwakataza wanafunzi wake kumdharau hata mmoja wa wadogo. Sababu aliyotoa ni ya ajabu: malaika wa wadogo hao, mbinguni, wanautazama siku zote uso wa Baba yake. Someni Injili ya Mateo, sura ya 18.

Fikirini. Yule mtoto asiye na viatu, mwenye upele, anayelia usiku, anayekojoa kitandani, yatima aliyeachwa kwa shangazi: anaye mjumbe mbele ya kiti cha Mwenyezi. Mtoto huyo akipigwa, habari zake hazihitaji kusafiri mbali.

Nanyi mnajua mambo yanayotendeka. Ugonjwa ukiingia nyumbani, kazi ikipotea, mama akifa, watu hutafuta mwenye kosa. Na mara nyingi kidole kinamwelekea aliye mnyonge kuliko wote. "Mtoto huyu ni ndoki. Amemla mamaye." Kisha hupelekwa kwa mtu anayejiita nabii, hunyimwa chakula, huchomwa, hufukuzwa. Watoto wa namna hiyo wanalala sokoni na barazani za maduka katika miji yetu. Hawakutoka katika msitu; wametoka katika nyumba zenye baba, mjomba na shangazi, na nyingine zina msalaba ukutani.

Ndugu zangu, mkristu hawezi kutenda hivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mwenye kumshtaki hivyo. Sheria hizo ni njema. Lakini hata kama polisi yuko mbali na kijiji chako, malaika wa mtoto huyo yuko karibu.

Kumbukeni habari ya Hagari katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Alifukuzwa pamoja na mwanawe, wakiwa na mkate na kiriba cha maji tu. Maji yakaisha jangwani. Mama akamlaza mtoto chini ya kichaka, akakaa mbali ili asimwone akifa. Lakini Mungu alisikia sauti ya mtoto, na malaika akamwita mama kutoka mbinguni, akamwambia asiogope, akamwagiza amwinue mtoto na kumshika mkono. Ndipo mama akaona kisima. Malaika hakumwuliza mtoto huyo ni wa nani, wala amefukuzwa kwa sababu gani. Alitumwa kwa mtoto anayelia.

Basi, kijijini mtoto akishtakiwa, wewe mkatekumeni utasimama upande gani? Upande wa wanaofukuza, ama upande wa malaika? Huo ndio mtihani wa ubatizo wako, kabla Padri hajakuuliza swali lolote.

10. MALAIKA KATIKA SALA ZETU

Kengele ya kanisa ilialapo asubuhi, adhuhuri na jioni, wakristu husali sala ya Malaika wa Bwana, wakikumbuka ujumbe wa Gabrieli. Mkiwa shambani, simameni kidogo, wekeni jembe chini. Katika Misa Takatifu, kabla ya mageuzo, tunaimba Mtakatifu mara tatu, wimbo ambao nabii Isaya aliusikia kwa malaika. Kanisa lenu la udongo na majani laweza kuwa dogo, na waimbaji wachache. Lakini saa ile mnaimba pamoja na mbingu yote. Na siku ya kufa, Kanisa huwaomba malaika waje kumpokea marehemu na kumpeleka kwa Mungu. Aliyetuongoza njiani hatuachi mlangoni.

MUHTASARI WA KUSHIKA KWA MOYO

Swali: Malaika ni nani?
Jibu: Malaika ni roho zilizoumbwa na Mungu, zenye akili na hiari, zisizo na mwili, ili zimsifu, zimtumikie, na ziwe wajumbe wake kwetu.

Swali: Je, mtu akifa hugeuka malaika?
Jibu: La. Mtu hubaki mtu, akingojea ufufuko wa mwili.

Swali: Pepo wabaya ni nani?
Jibu: Ni malaika walioasi kwa kiburi. Ni viumbe tu, wala hawana nguvu kama Mungu.

Swali: Malaika mlinzi hutusaidia namna gani?
Jibu: Hutuombea, hutuongoza na kututia nguvu tufike kwa Mungu, bila kutunyang'anya hiari yetu.

Swali: Kwa nini mkristu hafungi hirizi wala hamnunui malaika?
Jibu: Kwa sababu malaika hutumwa na Mungu peke yake, na Mungu hutosha.

Swali: Kwa nini tusimdharau mtoto?
Jibu: Kwa sababu malaika wake anautazama uso wa Mungu siku zote.

ZOEZI LA JUMA HILI

Mwenye hirizi nyumbani aitoe kwa hiari yake, ampelekee katekista, wala asione haya. Wengi wametangulia kufanya hivyo. Tena kila mmoja amtafute mtoto mmoja anayedharauliwa katika kijiji, ampe chakula, amwite kwa jina lake, aketi naye mbele ya watu. Na jioni, kabla ya kulala, kila mmoja amshukuru Mungu kwa ajili ya malaika aliyempa, kwa maneno yake mwenyewe.

Mungu awalinde hata siku ya ubatizo wenu. Amina.